Mtu si Kamba: Jinsi ya Kufunga Mizigo Mizito kwenye Pikapu na Malori

Mwisho wa mwezi mtaani Tena hutambulika kwa magari. Asubuhi na mapema pikapu na kanta huegeshwa mbele ya ploti, makochi yakiteremshwa ngazi kwa ngazi huku friji ikisubiri kando ya geti. Siku nyingine ni zamu ya mafundi: geti la chuma kutoka Kariobangi Light Industries, tangi la maji la kupandishwa juu ya nyumba, vyuma vya D12 vya mjengo, jenereta ya duka. Sehemu kubwa ya vitu vinavyojenga au kuhamisha nyumba za Tena, Umoja na Donholm hufika kwa gari lenye bodi wazi. Safari nyingi ni fupi: kipande cha Barabara ya Outering, kisha matuta machache hadi mlangoni.

Kwa kuwa safari ni fupi, mzigo hufungwa haraka haraka. Kamba moja hupitishwa juu, fundo likakazwa. Wasiwasi ukibaki, kijana mmoja huambiwa apande juu ashikilie. Aghalabu ni utingo, au kibarua aliyeokotwa pale pale kusaidia kupakia.

Kijana huyo ndiye sababu ya somo hili. Gari likisimama ghafla, hana uwezo wa kushikilia kitu chochote. Yeye na mzigo wataendelea mbele pamoja, na mara nyingi mzigo ndio utakaomwangukia. Wakazi, madereva, wenye hadiwea na mafundi wa jua kali wanahimizwa kusoma hatua zifuatazo. Hazihitaji mitambo ya gharama. Zinahitaji mikanda michache, vipande vya mbao, mpira wa tairi kuukuu na dakika 15 za subira.

KWA NINI MZIGO HUSOGEA

Wengi huamini kwamba mzigo mzito hauhitaji kufungwa sana kwa sababu uzito wake unaushikilia. Imani hiyo ndiyo chanzo cha ajali nyingi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani yake kinakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Breki hushika magurudumu. Hazishiki jenereta iliyo nyuma. Jenereta itaendelea na mwendo wake hadi izuiwe na kitu: kamba, ukuta wa bodi, kebini ya dereva, au gari lililo mbele.

Kadiri mzigo ulivyo mzito, ndivyo nguvu ya kuuzuia inavyopaswa kuwa kubwa. Kanuni zinazotumika Marekani na Ulaya zinakubaliana kuhusu kipimo kimoja kilicho rahisi kukumbuka. Mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu iliyo sawa na sehemu 8 kati ya 10 za uzito wake. Upande wa kushoto, wa kulia na wa nyuma, uzuiwe kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito wake.

Chukua mfano wa jenereta ya kilo 1,000. Kwenye breki kali, itasukuma mbele kwa nguvu ya kilo 800. Hiyo ni sawa na mifuko 16 ya saruji ya kilo 50 kumlalia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna kijana wa kuishikilia, hata awe na kifua cha aina gani.

Breki si hatari pekee. Gari likikata kona, mzigo husukuma upande wa nje. Likipanda tuta, mzigo huruka kidogo, na kamba iliyokuwa imekaza hulegea kwa muda huo mfupi. Tuta la pili likifika, mzigo tayari umeanza kutembea.

KABLA YA KUPAKIA

Jambo la kwanza ni kujua uzito. Vitu vingi vinaweza kukadiriwa bila mizani. Mfuko wa saruji ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 60 ni tani 3. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chuma cha D12 chenye urefu wa mita 12 kina uzito wa karibu kilo 10.7, kwa hiyo vyuma 100 vinazidi tani moja. Mashine na jenereta nyingi zina kibati kilichoandikwa uzito. Kama hakipo, muulize aliyeuza.

Jambo la pili ni kujua gari. Pikapu ya tani moja hubeba tani moja, na katika hesabu hiyo vimo mikanda, mbao na vifaa vingine vyote vilivyomo nyuma. Mzigo ukizidi, kufunga vizuri hakutasaidia, kwa kuwa breki, matairi na springi zitakuwa zimeshindwa kabla ya kamba.

Jambo la tatu ni mahali pa kuweka uzito. Kitu kizito kikae katikati ya upana wa bodi na mbele ya ekseli ya nyuma, chini kabisa. Kikiwekwa mwisho wa bodi, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Kikiwekwa upande mmoja, gari huinama na kona hugeuka kuwa hatari.

Mwisho, fagia sakafu ya bodi. Mchanga, kokoto, mafuta na maji hufanya mzigo uteleze kama uliowekewa magurudumu.

ZUIA KWANZA, FUNGA BAADAYE

Madereva wengi huanza na kamba. Waliobobea huanza na kizuizi. Sukuma mzigo hadi uguse ukuta wa mbele wa bodi, ule ulio nyuma ya kebini, mradi ukuta huo ni imara. Kama mzigo hauwezi kufika hapo bila kuharibu mpangilio wa uzito, jaza nafasi kwa mbao zilizokatwa vizuri au kwa mizigo mingine isiyobonyea. Pembeni, pigilia vipande vya mbao kwenye sakafu ikiwa ni ya mbao. Vitu vya mviringo vitiwe kabari pande zote mbili.

Faida yake inaonekana kwa hesabu ndogo. Rudi kwenye jenereta ya kilo 1,000 iliyokaa juu ya sakafu kavu. Chukua kwamba msuguano kati yake na sakafu ni sehemu 3 kati ya 10 za uzito. Msuguano huo utazuia kilo 300. Kilo 800 ndizo zinazohitajika, kwa hiyo zimebaki 500. Ikiwa kazi hiyo itaachiwa kamba zinazopita juu pekee, zitalazimika kuigandamiza jenereta kwa nguvu ya karibu kilo 1,670 zaidi ya uzito wake. Hiyo ni mikanda mingi, tena iliyokazwa sana.

Ikiwa chini ya jenereta hiyo patawekwa vipande vya mpira, msuguano unaweza kufika sehemu 6 kati ya 10. Sasa sakafu pekee inazuia kilo 600, na mgandamizo unaohitajika hushuka hadi karibu kilo 330. Vipande vya tairi kuukuu vimefanya kazi ya mikanda kadhaa. Na ikiwa jenereta imeegemea ukuta imara wa mbele, mikanda inabaki na kazi moja tu: kuizuia isiruke, isipinduke na isiende pembeni au nyuma.

Chuma juu ya chuma hushikana kidogo sana, hasa kukiwa na mafuta au mvua. Usiweke kamwe mashine ya chuma juu ya sakafu ya chuma bila mpira au mbao kati yake.

KAMBA, MKANDA, MNYORORO AU BLADA?

Blada, yaani mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari, hupendwa na waendesha bodaboda na wenye mikokoteni kwa kuwa ni rahisi na hukaza bila fundo gumu. Lakini mpira hurefuka. Mzigo mzito ukisukuma, blada huongezeka urefu na kuuachia mzigo nafasi ya kushika mwendo kabla haujazuiwa. Blada inafaa kushika turubai au kufunga mlango wa kabati usifunguke. Haifai kushika kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukiinua.

Kamba ya katani au ya nailoni inafaa kwa samani, magunia na mizigo ya wastani, mradi haijachakaa. Nailoni nayo hurefuka kiasi, kwa hiyo ikaguliwe mara kwa mara njiani. Namna bora ya kuikaza ni kufunga ncha moja kwenye ndoano ya bodi, kuipitisha kamba juu ya mzigo, kutengeneza kitanzi kwenye sehemu ya kamba inayoshuka upande wa pili, kuipitisha ncha chini ya ndoano ya upande huo, kuirudisha ndani ya kitanzi, kisha kuvuta kuelekea chini. Kitanzi hicho hufanya kazi ya kapi na huongeza nguvu ya mkono.

Kwa mashine, vyuma na mageti, tumia mkanda mpana wa kukaza kwa racheti, ule wenye mkono wa chuma unaosukumwa mbele na nyuma. Mkanda wa kweli huwa na kibandiko kinachoonyesha uwezo wake. Ukiona herufi LC zikifuatwa na namba na neno daN, soma namba hiyo kama kilo: LC 2000 daN ni karibu tani 2. Usichanganye kiwango hicho na kiwango cha kukatika, ambacho ni kikubwa zaidi na hakitumiki kupangia kazi. Kanuni ya Marekani inataka uwezo wa mikanda yote, ukijumlishwa, usipungue nusu ya uzito wa mzigo.

Mnyororo unafaa kwa vyuma vyenye makali na mitambo mikubwa kama tingatinga. Haurefuki, lakini huteleza juu ya chuma, kwa hiyo uwekewe mpira pale unapogusana na mzigo.

Mkanda wenye mpasuko, uzi uliokatika, fundo katikati au alama ya kuungua usitumike. Mkanda uliofungwa fundo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Na popote unapopita juu ya ukingo mkali, weka kipande cha mpira, zulia kuukuu au kadibodi iliyokunjwa mara kadhaa.

PEMBE YA MKANDA

Mikanda miwili inayofanana inaweza kufanya kazi tofauti kabisa kutegemea ilivyolala. Mkanda unaoshuka karibu wima kutoka juu ya mzigo hadi kwenye ndoano hugandamiza kwa nguvu yake yote. Ukilala hadi nyuzi 30 kutoka sakafuni, nusu tu ya nguvu hiyo ndiyo inayogandamiza.

Ndiyo maana mzigo mfupi na mpana, kwa mfano mashine ya chini iliyowekwa katikati ya bodi, haushikiki vizuri kwa mkanda wa kupita juu. Mzigo wa namna hiyo ufungwe moja kwa moja: mikanda minne kutoka kwenye pete au fremu ya mashine kwenda kwenye pembe nne za bodi, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma. Usifunge mkanda kwenye bomba, waya, kifuniko au mpini wa mashine. Ufunge kwenye fremu inayobeba uzito.

MIZIGO INAYOPITA TENA

Vyuma vya ujenzi. Chuma cha mita 12 hukunjwa katikati kikawa mita 6. Upande uliokunjwa uelekee mbele na ncha zielekee nyuma. Kwenye bodi ya mita 4, mita 2 zitabaki zikining'inia nje. Hizo mita 2 ndizo hatari kwa mwenye bodaboda anayefuata nyuma. Funga kitambaa chekundu kwenye ncha mchana, na taa nyekundu usiku.

Kosa kubwa zaidi ni kupitisha mkanda juu ya rundo pekee. Mkanda huo hushika vyuma vya juu na vya pembeni, lakini vya katikati hubaki huru na vinaweza kuchomoka mbele kama mishale. Kwanza funga rundo lenyewe kwa waya katika sehemu tatu au zaidi. Kisha kila mkanda uzungushwe rundo zima mara moja kabla ya kwenda kwenye ndoano, ili kadiri unavyokazwa ndivyo unavyozidi kulikaba. Kwa mzigo mrefu, kanuni ya Marekani inatoa hesabu nyepesi: mikanda miwili kwa mita 3 za kwanza, kisha mmoja zaidi kwa kila mita 3 zinazofuata. Vyuma vya mita 6 vinahitaji angalau mikanda mitatu. Epuka kuviegemeza juu ya kebini vikachomoza mbele ya kioo cha dereva.

Geti la chuma na magrili. Geti huwa jepesi kuliko linavyoonekana, lakini ni pana na hushika upepo. Lilazwe chini kama bodi inatosha. Likisimamishwa, liegemee fremu imara, si ukuta wa bodi unaotikisika, na lifungwe juu na chini. Mageti mawili yafungwe pamoja kwanza, yakitenganishwa kwa mbao, ndipo yafungwe kwenye gari.

Tangi la maji. Lisafirishwe likiwa tupu kabisa. Maji yaliyosahaulika ndani, hata lita 200, ni kilo 200 zinazogonga huku na huku kila gari linapopunguza mwendo. Tangi tupu lina tatizo la pili: ni jepesi na kubwa, kwa hiyo upepo hulinyanyua. Mikanda miwili ipite juu ikikatana kama msalaba, na kama tangi lina masikio, ipite ndani yake. Kaza hadi lisitikisike, bila kulibonyeza. Likilazwa, liwekewe kabari pande zote mbili kwa urefu wake.

Mabati. Hukata kamba kama kisu. Yafungwe rundo kwanza, yawekewe mpira kwenye kingo, na mkanda wa mbele uwe karibu na ukingo wa mbele, kwa kuwa hapo ndipo upepo huanza kuyafunua.

Mitungi ya gesi. Mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji usimame wima, kifuniko cha kulinda vali kikiwa kimefungwa, ukafungwe kwenye ukuta imara katika sehemu mbili. Usilazwe pamoja na vyuma.

Vioo. Visimame kwa ukingo kwenye fremu yenye umbo la herufi A, juu ya mpira, vikiegemea kidogo na kufungwa kuelekea fremu. Kioo kilicholazwa hupasuka kwenye tuta la kwanza.

Samani. Vitu vizito kama friji, kabati na meza ya mbao viwe chini na mbele. Friji isimame wima na mlango wake ufungwe kwa kamba. Magodoro yasiwekwe juu kabisa bila kufungwa. Upepo ukiingia chini ya godoro, hulibeba hadi kwenye kioo cha matatu iliyo nyuma. Droo za kabati zitolewe au zifungwe.

MTU HAKAI JUU YA MZIGO

Mzoea wa kupandisha vijana juu ya mzigo hutetewa kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba wanashikilia. Hesabu ya mifuko 16 ya saruji imeshajibu hoja hiyo. Ya pili ni kwamba wanainua nyaya. Katika vichochoro vingi vya mitaa ya Eastlands, nyaya za umeme na za intaneti hupita chini, na utingo huziinua kwa fimbo au kwa mkono ili gari lipite. Mtu aliyesimama juu ya geti la chuma huku ameshika waya asioujua anacheza na maisha yake. Kama mzigo haupiti chini ya waya, tafuta njia nyingine, au teremsha mzigo na kuubeba kwa mikono hatua zilizobaki.

Sababu ya tatu ni nafasi: kebini ina viti viwili au vitatu na wabebaji ni watano. Jibu lake ni nauli. Nauli ya matatu kwa vijana wawili kutoka Kariobangi hadi Tena ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya hospitali, sembuse ya mazishi. Anayekodisha gari aihesabu nauli hiyo tangu mwanzo.

BARABARANI

Baada ya kufunga, sukuma mzigo kwa mikono kutoka kila upande. Ukitikisika peke yake bila gari kutikisika nao, haujafungwa. Ncha za mikanda zifungwe zisipeperuke na kunaswa na gurudumu.

Simama baada ya mita mia chache za kwanza, kabla ya kuingia barabara kuu. Mzigo hukaa na kamba hulegea mwanzoni mwa safari kuliko wakati mwingine wowote. Kaza tena. Rudia baada ya tuta kubwa, breki kali au mvua. Acha nafasi kubwa mbele, kata kona polepole, na usizidi kilomita 50 kwa saa mjini.

Unapofungua mkanda mwisho wa safari, simama pembeni, si mbele ya mzigo. Mzigo uliosogea njiani huenda unashikiliwa na mkanda huo mmoja.

Kenya ina ushahidi kwamba mzigo wa umbo lolote unaweza kufika salama. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, ulisafirisha mitambo 365 kwa barabara kutoka bandari ya Mombasa. Kila mtambo ulikuwa na mapanga matatu yenye urefu wa karibu mita 25 kila moja. Sehemu ya njia, zaidi ya kilomita 200, ilibidi iboreshwe kwanza. Kazi ile ilifanikiwa kwa sababu kila safari ilipangwa kabla ya gari kuwashwa. Tofauti kati ya panga hilo na geti la Tena ni ukubwa tu.

SHERIA NA WANAOHUSIKA

Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari kutumika barabarani likiwa na mzigo unaozidi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji au kilichoamuliwa na mkaguzi. Kifungu cha 46 kinahusu kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa namna ya hatari, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Dereva hawezi kujitetea kwamba mwenye mzigo ndiye aliyemharakisha.

Wakazi wajue pia wa kumwendea. Maafisa wa trafiki wa Huduma ya Taifa ya Polisi ndio wanaosimamia makosa ya barabarani. Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, hukagua magari na kutoa leseni za udereva. Barabara kuu za mijini, ikiwemo Outering, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Barabara za ndani ya mitaa na taa zake ni jukumu la Serikali ya Kaunti, na mashimo au taa zilizozimika katika Tena ziripotiwe kwa ofisi ya Kaunti Ndogo ya Embakasi Magharibi. Mzigo ukianguka na kuumiza mtu, piga 999 au 112. Usimvute majeruhi aliyelaliwa na chuma kabla chuma hakijainuliwa na kuwekewa kabari.

MASWALI MATANO KABLA YA KULIPA

Mkazi anayekodisha gari ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa kuwa fedha bado ziko mfukoni mwake. Kabla ya gari kuondoka, aulize:

1. Mzigo huu una uzito gani, na gari hili limeruhusiwa kubeba kiasi gani?
2. Mikanda iko mingapi, na kuna yoyote iliyokatika au kufungwa fundo?
3. Ni kitu gani kinachozuia mzigo usiende mbele, mbali na kamba?
4. Nikiusukuma sasa hivi, utatikisika?
5. Vijana waliopakia watasafiri vipi?

Swali la tano ndilo la muhimu kuliko yote. Jibu likiwa "watakaa juu", gari lisiondoke. Mkanda ukikatika hununuliwa mwingine hadiwea siku hiyo hiyo. Kijana aliyeanguka kutoka juu ya mzigo ana mama anayemsubiri nyumbani jioni, na hapatikani dukani. Funga mzigo kwa mkanda, kwa mbao na kwa mpira. Mtu si kamba.